Ya Kwenye Mkeka Niliyasema Kwenye Maikrofoni

Nimekosa. Msinipe pole, sizitaki! Na mtu asiniambie Mungu anasamehe, hilo nalijua, hata shetani analijua. Nimekosa kwa mdomo wangu mwenyewe, mchana, watu wamevaa vizuri, chakula kiko tayari.

Lakini sianguki peke yangu. Wawili nitawataja: Perpetua na Godeliva. Wasome na wao, wote wawili wanajua kusoma kuliko mimi. Wa tatu ni mimi. Jina langu naliacha, maana bado nauza sokoni Gitega na lazima nile.

Mi nimesoma mpaka mwaka wa tatu wa primaire, huko kwetu upande wa Uvira, halafu vita ikafunga shule na mambo mengine yote. Kwa hiyo msinitafutie makosa ya maandishi. Haya mengine yanatosha.

Hapa Gitega watu wanajua iko chama cha wamama wa Kiswahili, Umoja wa Mkeka. Wanatuona kwenye harusi na matanga, kitenge kimoja, vilemba vimesimama, wanafikiri tulizaliwa hivyo. Eh! Chama hiki kilizaliwa Kobero, mpakani na Tanzania, nyuma ya malori, ndani ya moshi!

Kobero tulikuwa wapishi wa madereva. Lori linangoja douane, wale wa forodha, dereva ana njaa, we unampa bugali, maharage na ndagala. Mimi na Mama Sifa, Mungu amrehemu, tulikuwa Wakongomani. Wengine walikuwa Warundi waliokulia Tanzania, wanarudi kwao hawajui hata kumsalimia mama mkwe. Kirundi kilitukwama sote kooni. Kiswahili njo kilikuwa nyumba yetu, ndicho peke yake. Na mwanamke wa Kiswahili, anayepikia madereva mpakani, mnajua walituita nani. Sitaandika.

Jumapili, wa misa wakitoka misa na wa ibada wakitoka ibada, Mama Sifa alitandika mkeka wake. Mwenye neno anavua viatu, anakaa katikati, anasema. Hatumkatizi. Hatumshauri mpaka aombe. Ya vita, ya wanaume, ya watoto waliobaki njiani, yote yalisemwa pale. Akimaliza tunainuka, tunashika mkeka pembe zake, tunaukung'uta nje ya mlango. Maana yake yameanguka hapa, hakuna wa kuyaokota. Sheria nyingine hatukuwa nayo.

Perpetua alikuja siku ya mvua, ametoka kambini Tanzania, tumbo liko mbele, mwanaume haonekani nyuma. Akasimama kwenye moshi wetu na Kiswahili chake cha shule.

"Samahani dada, naomba kama kuna nafasi ya kujihifadhi."

Mama Sifa akacheka mpaka akashika mbavu. "Sikiya huyu! Anaomba kulala kama anasoma habari za redio!"

Nilimpa nusu ya godoro langu. Mtoto alizaliwa kwenye chumba kile, mi nikampokea kwa mikono hii. Alinipigia chafya usoni kabla hajalia, tukacheka wote, hata Perpetua na maumivu yake. Binti. Jina lake pia sitaliandika, na hilo ni kwa sababu nyingine. Yeye ananiita mama mkubwa. Aliniita.

Jumapili moja Perpetua alivua viatu, akakaa katikati ya mkeka, akatuambia mtoto ni wa nani. Jina la mwanaume, na jinsi ilivyokuwa. Alilia, tukalia naye. Tukakung'uta mkeka.

Halafu akapita Leonidas, mtu wa Gitega, alikuwa anafuata mzigo wa simenti. Akala kwetu. Kesho akala tena, na siku ile hakuwa na mzigo wowote! Akamuoa Perpetua, akampeleka Gitega, mtoto ameshaanza kutembea. Sisi tukafuata, mmoja leo, mwingine mwaka mwingine. Mama Sifa hakufika, alifia Muyinga, tukamzika huko, nikauchukua mkeka wake nikauleta Nyamugari, hapa Gitega, nikiwa nimeubeba kichwani.

Hiyo njo historia. Imeishia hapo, haina kofia wala tai.

Duka la Leonidas likakua, na Perpetua naye akakua. Akawa présidente. Tukapata viti vya plastiki, kamati, kitenge cha sare, wamama wapya wenye mikoba. Mi sikukataa. Mkeka ukawekwa chumba cha nyuma, na mwenye neno alikuwa anaingia kule, hata wale wapya wenye mikoba. Mkeka ulikuwa haubagui.

Sasa ikaja sikukuu ya chama. Perpetua akanifuata sokoni kabla ya siku, akasimama mbele ya nyanya zangu.

"Dada, safari hii tumealika wakwe."

Wakwe ni watu wa kijana aliyemtaka binti. Familia ya kanisa, wagumu, wanaangalia ukoo mpaka babu wa babu. Walikuwa karibu kuja kuposa.

"Nimefurahi sana," nikasema. "Mi njo nitasimulia tulivyoanza, sivyo? Kama kila mwaka."

Akaanza kupanga nyanya zangu, kama nilizipanga vibaya. "Historia tumeshaitayarisha. Ataisoma Godeliva. Inaanzia hapa Gitega."

"Inaanzia wapi?"

"Gitega, dada. Kobero tuiache."

"Kobero iko na kosa gani?"

"Usipandishe sauti. Wakwe wakisikia wapishi wa madereva watafikiri nini? Hebu niambie wewe."

"Na Mama Sifa? Yeye pia alianzia Gitega? Kaburi lake liko Muyinga, Perpetua. Tutalihamisha?"

"Mama Sifa amepumzika. Haimuumi tena."

Haimuumi tena! Mwanamke aliyekuchemshia maji ya kuzalia! Nilinyamaza kwa sababu mteja alikuwa amesimama pale. Perpetua akafikiri nimekubali. Akaongeza, na sauti tamu:

"Na siku hiyo tusaidie jikoni, dada. Kwa masufuria hakuna wa kukushinda."

Siku ya sikukuu niko jikoni, nyuma ya sale, ule ukumbi wa sherehe. Mwenye mkeka! Nimevaa kitenge cha zamani ili sare isipate moshi. Nje nasikia Godeliva anasoma: chama chetu kilianzishwa Gitega na mama wa heshima, Madame Perpetua. Makofi. Vigelegele. Mi nasonga bugali.

Mtambueni huyu Godeliva. Alikuwa katibu wa chama, mke wa mwalimu, ulimi umepakwa mafuta ya mawese. Akamaliza kusoma akaja moja kwa moja jikoni, maikrofoni bado iko mkononi.

"Yaya, dada yangu mkubwa, umesikia? Mi nimesoma mpaka nimeona haya. Me franchement, kweli kabisa, wanakufanyia hivi?"

"Acha nipakue."

"Pakua yaya, pakua. Si njo cheo chako?" Akaonja mchuzi wangu na kidole. "Mama Sifa angekuwa hai angelia. Hata jina lake hakuna. Nilimuuliza présidente, Mama Sifa tunamweka wapi, akasema yule alikuwa mpishi tu."

Mpaka leo sijui kama Perpetua alisema neno lile au Godeliva alilipika mwenyewe. Sikuuliza! Mtu mzima, mama wa watu, sikuuliza.

"Ningekuwa mimi," akasema, "ningechukua hii kitu nikasema. Neno mbili tu. Nitakuita mwenyewe, nani atanikataza?"

Akaniita. Nikatoka na aproni yangu na jasho langu.

Nilianza vizuri, Mungu ni shahidi. Nikasema Kobero. Nikasema moshi. Nikamtaja Mama Sifa kwa jina lake lote, na wamama wa zamani wakapiga vigelegele mpaka mmoja akasimama kwenye kiti. Hapo ningerudisha maikrofoni, leo ningekuwa malkia.

Lakini nilimwona Perpetua. Amekaa mbele karibu na wakwe, anamfanyia mpiga muziki ishara azime maikrofoni. Kisha akanitazama mimi, akasema bila sauti, midomo tu: rudi jikoni.

Yooo! Nikasema, kwenye maikrofoni, mbele ya sale nzima:

"Perpetua unanirudisha jikoni? We nilikupokea na tumbo lako Kobero! Ninyi wakwe, huyu binti mnayemtaka, muulizeni mama yake baba ni nani. Maana Leonidas alimkuta mtoto ameshaanza kutembea!"

Na sitawadanganya. Nilisikia utamu. Kama kumeza asali. Nilimwona Perpetua anafunika uso na mkoba wake ukaanguka, nikasema moyoni, kula, mama wa heshima, kula!

Halafu nikaona kule mbele hakuna anayemtazama Perpetua.

Binti alikuwa ananawisha wakwe. Ameshika jagi, shangazi wa kijana ameweka mikono juu ya beseni, ina sabuni. Maji yalikuwa yamesimama. Mtoto hamwagi, haondoki, hasemi. Ameinamisha jagi vilevile na maji hayatoki, kwa sababu limekwisha na yeye hajui kama limekwisha. Yule shangazi akasubiri kidogo. Akajifuta sabuni kwenye imvutano yake, vazi la heshima la Kirundi, akainuka. Wote wakainuka. Vinywaji vyao vilibaki vimejaa mezani. Huku kwetu mgeni akiacha kinywaji chake hivyo, hahitaji tena kutuma mtu wa kuja kukuambia.

Leonidas akaja kwangu. Nikajua atanipiga. Hakunipiga. Alichukua maikrofoni polepole, akaizima, akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Mama, mi nilijua tangu Kobero. Perpetua aliniambia kabla sijamuoa. Sasa wewe umemwambia nani?"

Eh Mungu wangu! Umemwambia nani! Perpetua alijua. Leonidas alijua. Sisi wa mkeka tulijua. Nyumbani kwao ambaye hakujua ni mmoja, na amesimama pale na jagi tupu.

Nimepigwa risasi karibu na sikio nikiwa na mtoto mgongoni, nimelala msituni, nimezika. Lakini swali lile la Leonidas bado linaniamsha.

Basi sikilizeni kisasi changu kilivyofanya kazi. Perpetua yuko nyumbani kwake, mume wake yuko naye, wanakula samaki sangala kama zamani. Haikumpata! Imempita kama mvua inavyompita mwenye koti. Siku hizi haji chamani, na hilo ndilo peke yake nililomnyima. Mimi niliyemtafuta nimekaa hapa, na bado namchukia. Ndiyo, naandika hivyo. Alimfuta Mama Sifa kama mtu anafuta meza.

Na présidente mpya wa Umoja wa Mkeka, mnajua ni nani? Godeliva! Anakaa kwenye kiti kilekile. Wiki ya kwanza alisema kwenye kikao, mi nimesikia kwa masikio yangu, kwamba chama "hakiwezi kubeba wamama wasioshika siri." Aliniangalia, na meno yake nje. Yeye aliyeniletea maikrofoni jikoni!

Lakini binti. Ndugu za Leonidas walikutana, wakasema wao hawawezi kukaa kwenye posa ya mtoto wa barabarani. Leonidas akagombana nao, akafukuza mmoja nyumbani kwake. Haikusaidia. Posa inataka ukoo, si baba peke yake. Kijana akapiga simu mara chache, halafu hakupiga. Binti akachukua begi lake, akaenda Gasorwe, kwa shangazi wa mama yake, analima.

Na mkeka? Uko chumba cha nyuma umeviringishwa. Hakuna anayevua viatu tena. Wamama wananiogopa! Mi niliyewapikia, niliyewazalisha, wananiogopa. Wanakuja sokoni, hawaombi kupunguziwa bei. Mama mmoja, wa kutoka Fizi, mtu ambaye zamani alikuwa anagombana na mimi nusu saa kwa kitunguu kimoja, alichukua nyanya, akalipa nilivyosema, akainama karibu.

"Mama," akasema, "ile yangu... ile niliyosema mwaka ule. Umeshaisahau, eh?"

"Ipi?"

"Asante," akasema. "Asante mama, Mungu akubariki."

Akaondoka haraka. Mi kweli sikukumbuka! Yeye alifikiri nimemhurumia. Nilifunika biashara nikaenda nyumbani jua likiwa bado juu.

Nikaenda Gasorwe. Gari mpaka Muyinga, gari tena, kisha miguu, kilima kirefu na magoti yangu haya. Nikamkuta kwenye shamba la maharage, ameinama na jembe. Amekonda. Mikono iliyokuwa inaandika sasa ina malengelenge.

"Mama mkubwa," akasema. "Umechoka. Kaa hapa."

Akaniletea maji. Ningependa anitukane! Angenirushia lile jembe ningeshukuru. Nikapiga magoti kwenye udongo.

"Nisamehe, mwanangu."

"Inuka, utachafua kitenge. Nimesikia." Akarudi kulima, mistari miwili, mitatu. Kisha bila kuniangalia: "Niko na swali moja."

"Uliza."

"Baba yangu anaitwa nani?"

Jina lile niko nalo. Nalijua na ninajua mengine yanayokuja nyuma yake, na hayo si mazuri, Perpetua hakulia bure siku ile.

"Muulize mama yako, mwanangu. Ni neno lake."

"Nimemuuliza. Analia tu."

"Basi ngoja amalize kulia."

Hapo njo akasimama wima akaniangalia. "Siku ile we ulimngoja?"

Nikaanza kukung'uta udongo kwenye kitenge.

"Shangazi wa watu ulimwambia. Mpiga muziki ulimwambia. Wapishi wote walisikia. Leo mimi mwenyewe nauliza, ndipo unakumbuka kuficha?"

Mana weee! Nilishuka kile kilima natukana njia nzima, namtukana Perpetua, namtukana Godeliva, watoto wa shule wakanipisha. Nikafika chini matusi yamekwisha, na swali bado niko nalo.

Kesho yake nikafanya kitu nilichoapa sitafanya. Nikaenda kwenye geti la Perpetua. Akatoka mwenyewe, kilemba hana, mvi zimetoka.

"Umekuja kuchukua nini tena?" akauliza.

"Mwambie mtoto jina la baba yake. Mwambie yote, taratibu, we njo mama."

Alishika geti kwa mkono mmoja. Kiswahili chake cha shule hakikuvunjika hata siku ile.

"Nilikuwa nimemchagulia siku, dada. Baada ya harusi, tukiwa wawili tu. Hiyo siku uliichukua wewe. Sasa kama ni kusema, kaseme wewe, si ndiye msemaji?"

Akafunga geti. Na kinachoniuma ni kwamba hapo alisema kweli. Nachukia kumpa haki Perpetua! Nampa hiyo moja tu.

Wewe Godeliva, najua unasoma huku unachekelea. Na wewe umewahi kuvua viatu ukakaa katikati. Mi nilikuwepo. Sisemi, sitasema, nimeshajifunza kwa damu ya mtoto wa watu. Lakini usilale sana.

Sasa ninyi wamama wenye vyama, Gitega, Muyinga, kokote mnakoishi ugenini na lugha yenu moja, nisikieni. Mtu akikunyima haki yako, mfuate yeye. Mshike kitenge. Mtukane sokoni mchana, mpigane kama mko na nguvu, watu watawaamua, kesho mtasalimiana. Lakini silaha usiichukue kwenye neno alilokupa siku analia. Neno lile hakulipika yeye peke yake, ndani yake yuko mtu mwingine, mara nyingi ni mtoto, na we ukirusha, yeye njo anapigwa.

Na wewe unayeletewa maikrofoni na mtu anayekuita yaya, muulize kwanza kwa nini haongei yeye.

Perpetua sijamsamehe. Godeliva, kabisa. Msiniombee nibadilike, mniombee kwa jambo moja. Binti ametuma neno na muuza ndizi wa Muyinga kwamba baada ya mavuno atakuja Gitega, na atapitia kwangu kabla hajafika kwa mama yake. Najua anachokuja kuuliza. Nikimwambia, nimemvua mama yake nguo mara ya pili. Nikinyamaza, nimemwibia mtoto mara ya pili. Maharage ya Gasorwe yameshaanza kukauka, na mi bado sijui nitafungua mlango nikiwa na jibu gani.